MKUFU WA MEYA: Tangu Dar es Salaam ya 1949 hata Bariadi Yetu

Wasomaji wapenzi, jioni mnapoketi kusikiliza redio, mara nyingi mwasikia mtangazaji akimtaja "Mstahiki Meya." Leo kafungua soko, kesho kapokea wageni kutoka ng'ambo, keshokutwa madiwani wake wamegombana naye. Nasi huku Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega twasikiliza kama watu wanaosikia ngoma ya harusi ya kijiji cha pili: sauti yafika, chakula hakifiki. Watoto nao huuliza, "Baba, Meya ni nani? Ni mkubwa kuliko Mkuu wa Wilaya?" Baba hukohoa kidogo, kisha huwatuma watoto wakaangalie ng'ombe.

Leo yafaa tuwajibu watoto hao sawasawa. Habari za mameya wa mji mkuu zina funzo kwa kila mtu alipaye ushuru, hata kama hajapata kuiona bahari. Maana kiti hicho, kionekanacho kuwa kikubwa na imara, kimepata kuondolewa, kikarudishwa, kikaondolewa tena, kikarudishwa tena. Na kila mara swali lilikuwa lile lile: fedha za wananchi zimefanya kazi gani, na ni nani mwenye haki ya kuuliza?

MEYA NI NANI?

Kwa sheria za nchi yetu, Meya ni mwenyekiti wa baraza la madiwani la manispaa au la jiji. Mji ulio mdogo kuliko manispaa, kama Bariadi, huwa na Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji. Wilaya nayo huwa na Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya. Kazi zao zafanana sana. Meya huvaa joho na mkufu mzito kifuani, desturi iliyoletwa na Waingereza kutoka kwao.

Sasa angalieni jambo hili, maana wengi hukosea. Wananchi hawampigii Meya kura. Wananchi humchagua diwani wa kata yao; kisha madiwani, wakikutana, humchagua mmoja miongoni mwao kuwa Meya. Mkuu wa Wilaya ni mtu mwingine kabisa: yeye huteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji mkuu, naye huteuliwa na Rais. Basi katika ofisi ile kubwa yenye bendera, diwani na Meya ndio watu waliotoka mkononi mwa mpiga kura.

Wazee wa Usukuma hawatashangazwa na mpango huu. Zamani Mtemi hakuchaguliwa na watu wote uwanjani. Walikuwako banang'oma, wazee wa baraza, nao ndio waliomtafuta mtu wa ukoo wa utemi na kumketisha katika kiti. Mtemi aliyeharibu nchi, au ambaye mvua ilikataa kunyesha siku zake, aliweza kuondolewa. Tofauti ya leo ni kwamba banang'oma wa Meya, yaani madiwani, huwachagua ninyi wenyewe, kila baada ya miaka mitano. Watemi waliondolewa madarakani kwa sheria mwaka 1963, lakini desturi ya wachache kumchagua mkubwa kwa niaba ya wengi ingaliko.

DAR ES SALAAM YAPATA MEYA

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaifanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, wakiiacha Bagamoyo. Waingereza walipoitwaa nchi waliuacha mji mkuu pale pale. Kwa miaka mingi mji uliendeshwa na maofisa wa serikali tu, pasipo meya.

Mwaka 1949 Dar es Salaam ikapewa hadhi ya manispaa, ikawa na baraza lake na meya wake. Wakati huo mji ulikuwa na watu wapatao 70,000. Wengi wao walikuwa Waafrika: makuli wa bandarini, maseremala, wapishi, makarani, wachuuzi wa samaki. Lakini wajumbe wa baraza lile la kwanza waliteuliwa na serikali ya kikoloni, na kwa miaka yote ya 1950 hakuna Mwafrika aliyevikwa mkufu ule. Wazungu na Wahindi ndio waliokikalia kiti.

Miongoni mwa mameya wa wakati huo alikuwako Abdulkarim Karimjee, wa ukoo wa wafanya biashara waliojulikana sana pwani. Tangu mwaka 1956 akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria. Ukoo wake uliujengea mji ukumbi mkubwa, ndio ule Ukumbi wa Karimjee ambao redio huutaja kila mara, hasa taifa linapowaaga viongozi waliofariki. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1955, na Bunge letu lilikutana humo siku za Uhuru.

Tusidhani kwamba mambo ya mabaraza yalikuwa ya mjini tu. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, mwaka 1958, watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, ambalo serikali ya kikoloni ililileta bila kuwasikiliza. Maelfu ya wakulima wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko yao. Watu wale hawakuwa na meya wala joho, lakini walijua jambo moja: baraza linalokukata kodi lazima liwe na sauti yako ndani yake.

SHEHE MSHAIRI AVISHWA MKUFU

Mwaka 1960 Dar es Salaam ikapata meya wa kwanza Mwafrika. Jina lake ni Shehe Kaluta Amri Abedi. Mtaona kwamba jina hilo mwalijua tayari: uwanja wa mpira wa Arusha umeitwa kwa jina lake.

Alizaliwa Ujiji, karibu na Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa Mwislamu wa jumuiya ya Ahmadiyya, mwalimu wa dini yake, tena mshairi mkubwa wa Kiswahili. Mwaka 1954 kilichapwa kitabu chake kinachofundisha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake mwenyewe, nacho kimesomwa na wanafunzi wa Kiswahili hata leo. Msomaji aweza kucheka: mshairi na mitaro ya maji machafu, wapi na wapi? Lakini mtu aliyezoea kuhesabu mizani ya kila mstari, asikubali hata silabi moja kuzidi, hakika anafaa kuketi mahali panapohesabiwa fedha za watu.

Wakati wake, tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, Dar es Salaam ilipandishwa kuwa jiji. Baadaye Shehe Amri Abedi akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, kwanza wa Sheria, kisha wa Maendeleo na Utamaduni. Alifariki Oktoba 1964 huko Bonn, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 40 tu.

KITI CHAONDOLEWA

Jiji likakua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha watu 272,821. Vijana walikuwa wakishuka kutoka bara kila siku, na wa Usukuma wakiwamo. Lakini mwaka 1972 serikali ilileta mpango uliosemwa kuwa ni wa kuwapelekea wananchi madaraka. Mabaraza ya wilaya yakavunjwa, na punde ya miji nayo yakafuata. Kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya waliotumwa na serikali kuu. Jiji la Dar es Salaam likagawanywa katika wilaya tatu, Ilala, Temeke na Kinondoni. Meya akawa hayuko tena.

Yaliyofuata, wasomaji wapenzi, yanafaa kukumbukwa. Takataka zikalala mitaani. Mitaro ikaziba. Barabara zikatoboka, na mabomba ya maji machafu yakapasuka pasipo mtu wa kuyaziba. Maofisa walikuwako, wengine wenye elimu kubwa na nia njema. Lakini mwananchi mwenye uvundo mlangoni hakuwa na diwani wa kumshika shati akamwuliza. Ofisa alimtazama mkubwa wake aliyemtuma, naye mkubwa alikuwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikapiga, na watu wakafa.

Hapo serikali ikageuka. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya muda ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili za serikali za mitaa, ambazo ndizo msingi wa halmashauri zetu hata sasa.

Huku kwetu pamba ilikuwa katika mkasa kama ule ule. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kujiunga karibu na mwaka 1950, kwa sababu walikuwa wakipunjwa katika mizani ya wanunuzi. Waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mzani na kutazama. Kutokana na wapimaji hao vikatoka vyama vya ushirika, na muungano wao mkubwa wa Mwanza ukasifiwa Afrika nzima. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vya ushirika, kama ilivyoyavunja mabaraza. Sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982, na baadaye wakulima wa mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake, wakawa na chama chao cha SHIRECU.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alipoulizwa angefanya nini tofauti kama angeanza upya, alitaja mambo mawili: asingezifuta serikali za mitaa, na asingevivunja vyama vya ushirika. Fikirini jambo hilo. Kiongozi mkuu wa taifa aliyaweka pamoja baraza la diwani na mzani wa pamba. Na kweli vyafaa kuwekwa pamoja, maana vyote viwili ni mahali ambapo mwenye mali husimama akitazama mali yake ikipimwa.

TUME YA KEENJA

Je, kurudi kwa Meya kulitosha? Hasha. Katika miaka ya 1990 jiji lilikuwa na Meya, Kitwana Kondo, na lilikuwa na madiwani, walakini uchafu ulirudi. Watu walikuwa wamezidi milioni moja, na sehemu ndogo mno ya takataka ndiyo iliyozolewa. Barabara zilikuwa mashimo matupu. Madiwani nao walikuwa katika magomvi yao.

Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza la jiji. Mahali pake pakawekwa Tume ya Jiji, chini ya Charles Keenja. Wakulima watamkumbuka Keenja, maana baada ya kazi hiyo alikuwa Waziri wa Kilimo. Tume ilikusanya mapato kwa bidii, ikatengeneza barabara, ikawapa makampuni na vikundi vya watu kazi ya kuzoa taka. Wakazi wengi waliisifu.

Hapo palikuwa na hatari ya kusema, "Basi, kumbe bila madiwani mambo huenda vizuri zaidi!" Ni kweli kwamba fundi mmoja hodari hujenga upesi kuliko kamati ya watu ishirini. Lakini fundi asiyeulizwa na mtu, siku akichoka, au siku akija mwingine asiye mwaminifu, nani atajua? Serikali yenyewe ililiona hilo. Tume ilipewa muda wake, na mwaka 2000 ikamaliza kazi. Manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke zikawa na mameya wao, na juu yake pakawa na Halmashauri ya Jiji yenye Meya wa Jiji.

Jirani zetu wa Nairobi walipita njia hiyo hiyo. Charles Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa mji ule, mwaka 1962. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 kiti kilikaliwa na mwanamke, Margaret Kenyatta. Mwaka 1983 baraza likavunjwa, tume ikakaa mpaka mwaka 1992. Mwishowe, kwa katiba mpya ya mwaka 2010, cheo cha meya kikafutwa kabisa. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 watu wa Nairobi humpigia kura gavana wao wenyewe.

MAMEYA WA KARNE HII

Meya wa Jiji baada ya Tume alikuwa Kleist Sykes. Yeye ni mwana wa Abdulwahid Sykes, na mjukuu wa Kleist Sykes wa zamani, mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Waafrika mwaka 1929. Akafuata Adam Kimbisa, kisha Didas Massaburi. Lakini cheo kilikuwa na shida yake. Manispaa ndizo zilizokuwa na kata, masoko na sehemu kubwa ya mapato. Meya wa Jiji alikuwa kama mwenye nyumba ambaye vyumba vyote vimeshikwa na wapangaji, akabakiwa na baraza.

Baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2015, vyama vya upinzani vilipata madiwani wengi Dar es Salaam. Uchaguzi wa Meya ukaahirishwa mara kadhaa. Tarehe 22 Machi 2016 alichaguliwa Isaya Mwita wa Chadema. Januari 2020 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa, na ubishi mkubwa ukatokea juu ya hesabu, kama theluthi mbili inayotakiwa imetimia au haikutimia. Tazameni ndugu zangu: jiji la mamilioni ya watu, na ugomvi wake unasimama juu ya kichwa kimoja cha diwani mmoja! Asiyejali nani ni diwani wake na aikumbuke siku ile.

Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji ile ya juu, ili kupunguza gharama za kuwa na ngazi mbili katika mji mmoja. Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam, na Omary Kumbilamoto, aliyekuwa Meya wa Ilala, akawa Meya wa Jiji.

Wakati huo Dar es Salaam haikuwa tena makao makuu ya nchi. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini safari ilikuwa ndefu. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huo huo sheria ikaithibitisha kuwa makao makuu. Baada ya hapo Profesa Davis Mwamfupe alikuwa Meya wake. Basi mkufu wa mji mkuu sasa unavaliwa katikati ya nchi, mahali ambapo msafiri wa Simiyu aweza kufika kwa basi la siku moja.

NA SISI WA BARIADI JE?

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao yake. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilituonyesha kuwa tu 2,140,497 katika mkoa mzima. Aliyeiona Bariadi miaka thelathini iliyopita akirudi leo atapotea njia: lami, taa, maduka, nyumba za wageni, bodaboda kila pembe. Wako wanaotamani siku moja mji wetu uwe manispaa, nao uwe na Meya mwenye joho. Si vibaya kutamani.

Walakini habari tulizozisoma zinatuonya. Joho halikuzoa takataka za Dar es Salaam miaka ya 1990. Na kukosa Meya hakukuziba bomba hata moja miaka ya 1970. Jiji liliponyoka kila mara yule anayekusanya fedha alipoacha kuulizwa na yule anayezitoa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Huku vijijini daftari hilo liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Ushuru wa pamba na wa mazao mengine huingia halmashauri. Kadhalika ushuru wa mnada wa ng'ombe, na wa meza ya mama anayeuza nyanya sokoni. Fedha hizo ndizo zinazotakiwa kurudi kama dawa za zahanati, madawati, na daraja la mto unaofurika masika. Diwani wa kata huketi katika baraza linalozigawa. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi. Mwananchi aweza kuingia na kusikiliza, ingawa hapewi nafasi ya kusema. Kijijini napo, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa mbele ya wote. Hapo kila mtu mzima ana haki ya kusema, mwanamke sawa na mwanamume.

Lakini mara ngapi mkutano huo umeahirishwa kwa kuwa watu hawakutimia? Mvua imenyesha, twaenda shambani. Jua limewaka, twaenda mnadani. Kisha jioni, chini ya mti, tunalalamika kwamba fedha zimeliwa. Nani aliziona zikihesabiwa? Wale wakulima wa 1950 waliosimama kando ya mzani nao walikuwa na mashamba ya kupalilia, tena kwa jembe la mkono. Walisimama hata hivyo.

Basi watoto wakiuliza tena, "Meya ni nani?", baba asikohoe wala asiwatume kwa ng'ombe. Awaambie hivi: Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na diwani ni mtu aliyechaguliwa na mimi na mama yenu. Kisha mama aongeze: na mkutano wa kijiji ukiitishwa, tutakwenda wote wawili.

Nanyi wasomaji, mkutano wenu wa mwisho ulikuwa lini? Ikiwa miezi mitatu imepita, mwulizeni mwenyekiti wenu kwa heshima. Ni haki yenu, wala hamhitaji joho wala mkufu ili kuuliza.